Tupime moshi, tusihesabu miaka

Tangu rasimu ya Kenya ya kanuni za ukaguzi wa magari ya 2025 ilipowekwa mbele ya wananchi, mazungumzo ya Malindi kuihusu yamekuwa ya kambi mbili. Kambi moja inasema mikweche imetuchosha, itolewe barabarani watu wavute hewa. Kambi ya pili inasema hii ni njia nyingine ya kumtoza mtu kwa gari alilolinunua kwa jasho, na wana sababu ya kushuku. Mwaka mmoja tu kabla, Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, kuanzia shilingi 5,000 hadi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa Juni, na siku chache baadaye mswada mzima ukafuata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kambi hizi zinagombana, lakini kuna jambo zimelikubali zote mbili bila kulijadili: kwamba kinachokwenda kukaguliwa ni umri wa gari. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Naandika zaidi kwa ajili ya mwenye gari la zamani, kwa sababu anahukumiwa kwa kosa ambalo hakuna aliyelipima, na kwa sababu yeye naye anakipinga kipimo ambacho kingemtetea.

Rasimu yenyewe, kwa aliyeifuatilia, haina mengi. Matatu, teksi na malori yamekuwa yakikaguliwa kila mwaka miaka yote. Mageni ni mawili: gari la binafsi lililopita miaka minne tangu litengenezwe nalo lipelekwe ukaguzini, na kazi hiyo isiwe ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, peke yake, bali kampuni binafsi zipewe leseni. Moshi utaangaliwa pamoja na breki, taa, usukani na mengineyo. Katazo la moshi uliopita kiwango si geni. Lilikuwamo tayari katika kanuni za ubora wa hewa za 2014. Kilichopungua ni utekelezaji.

Hiyo miaka minne ndiyo nimeishikilia, na namwomba msomaji aishikilie nami kidogo. Kenya inaruhusu gari la mkono wa pili liingie nchini likiwa na umri usiozidi miaka minane. Ndicho kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na shirika la viwango, KEBS. Sasa tupige hesabu. Gari lililosajiliwa Japani mwaka 2018 liliruhusiwa kushushwa Mombasa mwaka 2025. Siku matairi yake yanagusa Kilindini lina miaka saba. Kwa hesabu ya rasimu, limekuwa kuukuu miaka mitatu kabla halijapata namba ya Kenya.

Maana yake ni kwamba mstari wa miaka minne hautenganishi gari jipya na la zamani. Unatenganisha gari lililonunuliwa jipya kabisa na la mtumba. Na Malindi hii, nani amelivua gari lake plastiki ya viti kwa mkono wake mwenyewe? Ofisi za serikali, mashirika, hoteli kubwa kadhaa, kampuni. Mwalimu wa Barani na Vitz yake, mwenye duka wa Majengo na Probox yake, mama wa Muyeye anayepeleka watoto wa majirani shule kwa Noah, wote wamevuka mstari huo kabla hawajawasha injini mara ya kwanza. Mbele ya sheria Vitz ya 2018 na Land Cruiser ya 1992 zinakuwa rika moja.

Nchi ambako hesabu ya namna hii ilianzia zina sababu yake. Uingereza gari hukaguliwa mara ya kwanza likitimiza miaka mitatu, na Japani vivyo hivyo. Huko magari mengi huanza maisha yake yakiwa mapya mikononi mwa wenyeji wa huko huko. Likifika umri huo waranti inakwisha, na ukaguzi unaingia pale mtengenezaji anapoliachia. Namba ina kazi. Kwetu gari linafika likiwa limeshaachiwa zamani. Tumechukua namba, mazingira yake tukayaacha.

Tena Japani, baada ya ukaguzi ule wa kwanza, gari hurudi kila miaka miwili, na gharama ya kulitayarisha ni mojawapo ya sababu za mwenyewe kuona afadhali aliuze. Hilo ndilo linalopanda meli kuja kwetu. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake pale Gigiri, Nairobi, lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya mitumba milioni 14 yaliuzwa nje ya nchi zilizoyatumia kwanza, na kiasi cha asilimia 80 yakaishia nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayelaumiwa Malindi kwa kuendesha gari kuukuu ameingia kwenye biashara hiyo kwa mlango wa mwisho kabisa. Bei ilimchagulia.

Kwa nini nalisumbua sana hili? Kwa sababu wavu unaokamata kila gari la binafsi mjini hautamwacha mkaguzi na muda wa kupima chochote. Foleni ikiwa ndefu, jicho huchukua kazi ya mashine. Na jicho huangalia rangi iliyofubaa, mlango uliokula kutu kwa chumvi ya bahari, kiti kilichopasuka. Gari lenye sura mbaya na injini safi litaangushwa. Lenye sura nzuri na kichujio cha masizi kilichokatwa litapita.

Upande wa hewa nao una haki yake, na haki hiyo ni nzito. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, lile la vitu ambavyo vimethibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa tumbaku. Mwaka 2021 Shirika hilo likashusha kiwango chake cha chembe za hewani zisizozidi mikroni 2.5, kutoka maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo hadi 5 kwa wastani wa mwaka. Masizi ya dizeli yamo katika chembe hizo. Pua haiyazuii, koo haliyazuii. Yanashuka hadi ndani kabisa ya mapafu.

Husikia watu wakijibu kwamba Malindi si Nairobi, kusi na kaskazi zinafagia kila kitu. Kwa mji mzima hoja hiyo ina ukweli. Kwa mtu mmoja mmoja haina. Mama anayekaanga mahamri kando ya steji, abiria wa tuktuk aliyekaa wazi nyuma ya bomba la lori, mtoto anayevuka barabara ya Lamu akienda shule, hawa wanavuta moshi kabla upepo haujaufikia. Na wakati wa tangambili, upepo ukilegea, wingu jeusi linakaa pale pale lilipotoka. Yeyote anayesema magari yasipimwe awaeleze hao kwanza.

Kwa hiyo sipingi kupima. Ninachopinga ni kudhani kwamba moshi na miaka ni kitu kimoja, na hapa inafaa tuwasikilize mafundi kuliko wanasiasa.

Fundi hutazama rangi. Moshi mweusi kwenye dizeli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa ya kuyaunguza: chujio la hewa limejaa vumbi la barabara ya Marafa au Baricho, nozo zimechoka zinamwaga badala ya kunyunyiza, au mtu ameifungua pampu ili lori livute mzigo kuliko lilivyoundwa kuvuta. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi zimelika, au sili za valvu zimekakamaa. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni dizeli inayotoka bila kuungua, au maji yanayopenya kwenye gasketi. Katika hayo matatu, umri una mkono mkubwa katika la pili. La kwanza, ambalo ndilo linalowakera watu na ndilo lenye masizi, kwa sehemu kubwa ni suala la matunzo, na tiba yake haihitaji gari jipya. Chujio hubadilishwa kwa dakika chache. Nozo hupelekwa kupimwa na kurekebishwa. Pampu hurudishwa mahali pake.

Chukua injini ya Toyota ya 1HZ, ile ya lita 4.2 iliyoanza kutolewa mwaka 1990 na ambayo imebeba watalii wengi kutoka hapa kwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Haina tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, wala kompyuta, na kichujio cha masizi haina. Imetunzwa, inawaka safi kwa kadiri ya zama zake, na kila kitu chake fundi wa kawaida anakifikia kwa spana. Kisha chukua dizeli ya kisasa iliyokuja na kichujio cha masizi. Kichujio hicho hujisafisha kwa joto la kama nyuzi 600, ambalo gari hulipata kwenye safari ndefu. Gari linalozunguka mjini tu huziba, taa inawaka kwenye dashibodi, na mwenyewe anashauriwa akikate atupe. Tangu siku hiyo gari lile la juzi linatoa kile ambacho watengenezaji walikuwa wamelipia fedha nyingi kukizuia. Ukihesabu miaka, wa pili anapita. Ukipima kwa viwango vya zama za kila mmoja, wa kwanza anapita.

Petroli ina kisa chake. Kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba, kataliki, kina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake, na madini hayo yana wanunuzi. Magari mangapi ya mitumba yanatembea Pwani na kipande cha bomba tupu mahali ambapo kataliki ilikuwa? Mwenye gari mara nyingi hajui; kifaa kiliuzwa kabla yake. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na sura ya kupendeza na umri mdogo, na kwenye mashine likaanguka vibaya kuliko Peugeot ya karabureta ambayo haikuwahi kuwa na kifaa hicho.

Ndiyo maana naona kipimo halisi ni rafiki wa gari la zamani. Uingereza wametupa mfano mzuri wa namna ya kukipanga. Gari la dizeli hupimwa injini ikiwa ya moto: resi inakanyagwa hadi mwisho mara kadhaa, na kifaa kinasoma jinsi moshi unavyozuia mwanga. Gari lililoanza kutumika kabla ya Julai 2008 linaruhusiwa kusoma hadi 2.5 kama halina tabo, na 3.0 kama linayo. La baada ya hapo mwisho wake ni 1.5, na ya kiwango cha karibuni zaidi ni 0.7. Kwa petroli, gari la miaka ya mwisho ya themanini lisilo na kataliki linaruhusiwa kaboni monoksaidi asilimia 3.5, hali lile lenye kataliki kwa kawaida linabanwa lisizidi nusu asilimia. Yaliyotangulia Agosti 1975 hutazamwa kwa macho tu. Huko mwaka wa gari unatumika kuchagua kipimo, kisha kipimo ndicho kinachotoa hukumu. Kila gari linaulizwa kama limebaki lilivyokusudiwa kuwa. Hilo ni swali la haki, na mwenye Land Rover ya 1985 anaweza kulijibu akiwa na fundi mzuri.

Tena anaweza kujiandaa bila ulaghai wowote. Amwage oili iliyokufa atie mpya, abadilishe chujio la hewa, apime nozo na nafasi za valvu, na kwa petroli aangalie plagi na mchanganyiko wa karabureta. Kisha siku yenyewe aliendeshe gari safari ya maana, tuseme hadi Gede na kurudi, kabla ya kulipeleka. Uingereza hutaka oili ifike kama nyuzi 80 kabla ya kupima dizeli, na kataliki nayo haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi mia mbili na kitu au zaidi. Gari lililokaa foleni saa mbili limezimwa litasoma vibaya, liwe la mwaka wowote. Nikipewa nafasi moja ya kuandika kwenye maoni ya rasimu, ningeandika hili: joto la injini lipimwe na liandikwe kwenye karatasi kabla ya moshi kupimwa. Wenye magari ya zamani wamekuwa wakipiga kelele kuhusu ada, na sioni wakiuliza kuhusu joto, ambalo linaweza kuwaangusha wengi zaidi.

Kuna mtu mwingine anayestahili kupimwa kabla ya mwenye gari, naye ni anayeuza mafuta. Mwaka 2018 serikali iliongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na sababu iliyotolewa waziwazi ni kwamba watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli kwa vile yalikuwa rahisi. Yaani dola ilikiri kwamba dereva aliyelipia dizeli alikuwa akitiliwa kitu kingine. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Pampu inalika, nozo zinalika, na baada ya mwaka gari lile linafuka. Nani atasimamishwa barabarani? Mwenyewe, aliyekwisha kuibiwa mara moja kwenye kituo cha mafuta.

Na historia iko upande wa hoja hii. Hadi mwisho wa 2005 tulikuwa tukichoma petroli yenye risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Mafuta hayo yalipoondolewa Afrika kusini mwa Sahara kuanzia 2006, kila gari lililokuwa barabarani, jipya na kuukuu, liliacha kumwaga risasi mara moja, na hakuna mkweche hata mmoja uliopelekwa ukaguzini kwa ajili hiyo. Januari 2015 Afrika Mashariki ikashusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na tena faida ikaenda kwa wote. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta, ina mpango wa kutia mafuta alama ili kugundua yaliyochanganywa. Gari likianguka kwa moshi mweusi, sampuli ya tangi lake ingeweza kuchukuliwa hapo hapo. Ikionekana lina mafuta ya taa, na mwenyewe ana risiti ya kituo, mzigo wa jibu uhame.

Nije kwenye jambo linaloninyima raha zaidi. Ng'ambo ya daraja la Sabaki, Magarini yote hadi Gongoni, Marereni na Kurawa, kazi zinaendeshwa kwa malori yaliyokwisha kula chumvi. Chumvi yenyewe, ile inayovunwa kwenye mashamba ya huko, ndiyo mzigo wao, pamoja na maembe ya msimu, mawe ya kujengea, mchanga, maji wakati wa kiangazi. Ni malori ya mkono wa tatu na wa nne. Yakiondolewa kwa sababu ya miaka, hakuna anayeyabadilisha. Mwenye lori moja hana benki ya kumpa la pili. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wa siku hizi ni ahadi kwamba magari ya umeme yako njiani.

Wengi husema lori likikatazwa ndiyo mwisho wa moshi wake. Mimi nadhani ndipo moshi unapoongezeka. Lori lenye thamani halizimwi, linahama. Litaacha barabara kuu ya Mombasa na kuhamia Marafa, Baricho, Chakama, njia za vumbi ambazo mkaguzi hazifiki, au litatembea usiku. Mwenyewe, akishajua kwamba gari lake ni haramu hata akilitengeneza, ataacha kulitengeneza. Nozo atabadilisha kwa ajili ya nani? Gari lililokuwa likifuka kidogo mjini litafuka sana kijijini, na mtoto wa Magarini atavuta kile tulichokiondolea watoto wa Malindi. Takwimu za mjini zitapendeza. Sheria inayomwachia mtu njia ya kupita kwa kutengeneza inamfanya atengeneze. Inayomfungia kwa tarehe ya kuzaliwa kwa gari inamwondolea sababu yote.

Hata hivyo kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuiruka, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Gari hutengenezwa kwa ajili ya siku ya ukaguzi. Pampu hukazwa asubuhi, lori likapita. Jioni hufunguliwa tena, kwa sababu lori lililokazwa halipandi mlima na mzigo. Kataliki inaweza kuazimwa. Cheti kinabaki kwenye kioo miezi kumi na miwili, na bomba linasema lingine. Anayetaka umri utumike anasema angalau miaka haiazimwi, na hapo kasema kweli.

Jibu langu ni kwamba udanganyifu huo unazibwa barabarani, kwa kifaa cha kubebwa mkononi, siku isiyotangazwa, pale kwenye mizani au kwenye kizuizi. Kifaa hicho kipo na hakihitaji jengo. Lakini kiwe na karatasi inayotoka na namba, kwa sababu moshi ukiamuliwa kwa jicho la askari unakuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, na wote tunajua bei hupangwa wapi. Namba iliyoandikwa na mashine, yenye tarehe, saa na joto la injini, ni ngumu zaidi kuijadili dirishani.

Masafa ni suala la mwisho, nalo nitalipita haraka kwa kuwa halina utata. Anayepangiwa kituo cha Miritini akitoka Malindi ana zaidi ya kilomita 120 za kwenda, na zizo hizo za kurudi. Wa Marereni aongeze za kwake, wa Mpeketoni asiseme. Akianguka kwa kosa la chujio la hewa, arudi nyumbani kisha aende tena? Uingereza gari lililoanguka linaweza kurudi ndani ya siku 10 za kazi likapimwa kile kilichoangusha tu, na likibaki kituoni kutengenezwa halilipiwi tena. Kanuni zetu zikikosa kitu cha namna hiyo, ada ya karatasini itakuwa ndogo kuliko mafuta ya safari, na wengi watachagua kutokwenda. Kuruhusu vituo binafsi kunaweza kuwa nafuu kubwa kwa mji kama huu, nami naunga mkono, kwa sharti kwamba kituo kinachopima kisiwe na duka la spea nyuma yake.

Na cheti kiandikwe kipimo chenyewe, badala ya kupita au kuanguka peke yake. Mwenye lori lililosoma 1.6 mwaka jana na 2.3 mwaka huu bado yuko ndani ya kiwango kama kile cha 2.5 cha Uingereza, lakini ameshaambiwa kwamba nozo zake zinachoka, miezi kadhaa kabla pistoni haijatoboka njiani na tani za chumvi mgongoni. Kwa mwenye lori moja, habari hiyo ina thamani kuliko ada aliyoilipa.